Gitaa la nyuzi tatu la kumpa mtu: mwongozo kamili wa kulitengeneza nyumbani

Magitaa yanayoletwa barazani kwangu hapa Pasua, Moshi, yanaumwa magonjwa yale yale. Moja shingo imepinda kama upinde wa mwindaji. Lingine linalia vizuri uzi ukiwa wazi, ukibonyeza tu linatoa sauti ya kukera. La tatu nyuzi zimekaa juu sana. Mtoto aliyezawadiwa kaumia vidole siku ya kwanza, siku ya pili kaliegemeza nyuma ya mlango, basi.

Waliotengeneza si wavivu. Wengi walifanya kazi nzuri ya sanduku, wakapaka na rangi, kisha wakaharibu mahali padogo pasipoonekana. Gitaa la kukaa nalo mwenyewe unaweza kulivumilia, maana unajua pa kulibembeleza. La kumpa mtu lazima liwe zima hata wewe ukiwa hupo.

Tutatengeneza gitaa la nyuzi tatu, sanduku la plaiwudi, shingo inayopita ndani ya sanduku toka mwanzo hadi mwisho. Vipimo vyote ni vya milimita. Kama una ajira, tenga wikendi mbili, kwa sababu gundi haina haraka.

Vifaa

- Ubao mkavu wa shingo: urefu 900, upana 38, unene 25.
- Ubao mgumu mwembamba wa kuweka juu ya shingo: urefu 370, upana 38, unene 6. Mninga au mkongo ni bora.
- Plaiwudi ya milimita 3, vipande viwili vya 300 kwa 200.
- Ubao wa kuta za sanduku: unene 10 hadi 12, kimo 70.
- Spoku nne za baiskeli. Chakavu zinafaa, zenye kutu hapana.
- Bolti moja ya milimita 6 (mafundi magari wanaiita namba 10, kwa spana yake) na moja ya milimita 8 (namba 13). Ziwe zenye meno mwili mzima.
- Funguo tatu za gitaa za kukazia nyuzi. Magitaa yaliyovunjika ya kwaya na bendi yanakuwa nazo. Ulizia kabla ya kununua mpya.
- Seti ya nyuzi za gitaa la kawaida, zile za chuma. Utatumia ya tatu, ya nne na ya tano, ukihesabu toka ule mwembamba kabisa.
- Washa ndogo tatu, gundi nyeupe ya mbao, supagluu, msasa namba 80, 120 na 240.
- Mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa vipande virefu.

Zana

Msumeno wa mbao, msumeno wa chuma, patasi, tupa bapa, tupa ya pembetatu, drili au keekee, skwea, rula ya chuma na penseli iliyochongwa ikachongeka. Penseli butu ni nusu milimita ya makosa, na nusu milimita utaisikia.

1. Jua unampa nani

Mwone mkono kabla hujagusa mbao. Mtu mzima, vipimo vya hapa vinamfaa. Mtoto wa miaka saba au minane, punguza urefu wa uzi kutoka 600 hadi 500: kila namba ya freti (vyuma vinavyokatiza shingo) utakayoiona hapa chini zidisha kwa 5, gawanya kwa 6, na shingo, pamoja na ubao wa juu yake, fupisha milimita 100 mbele ya sanduku. Sanduku libaki vilevile.

Mzee mlinzi wa mtaani kwetu ana vidole vinene, na cha pete hakikunjiki. La kwake nilifanya shingo ya 45 badala ya 38, nikatanua nafasi kati ya uzi na uzi. Hayo ukiyakumbuka gitaa likishakauka gundi umechelewa.

2. Mbao kavu, na si kavu ya maneno

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na mimi nilianguka kwanza. Gitaa langu la kwanza nilitumia saipresi iliyotoka moja kwa moja kwenye lori. Muuzaji aliapa ni kavu. Nilimpa mpwa wangu masika ya mwaka huo. Miezi miwili baadaye kidole kilikuwa kinapita chini ya nyuzi bila kuzigusa. Nyuzi tatu zikikazwa zinavuta kwa uzito unaozidi nusu mfuko wa saruji, usiku na mchana. Ubao mbichi unakubali.

Usinunue mbao mpya ukiweza kuepuka. Tafuta kitanda kilichovunjika. Ubao wa ubavuni wa kitanda cha zamani umekauka miaka chumbani, na mara nyingi ni mninga. Chaga zake ni laini kwa shingo, lakini zinafaa kwa kuta za sanduku. Fremu za milango zinazotupwa nyumba ikibomolewa nazo ni mali.

Ikibidi ununue, peleka ubao dukani kwa jirani mwenye mizani ya kupimia sukari. Andika uzito juu ya ubao wenyewe kwa penseli. Uweke ndani, juu ya kabati, pasipo jua. Rudi baada ya wiki upime. Ukipungua, bado unatoa maji, ngoja. Wiki mbili mfululizo uzito usipobadilika, anza kazi. Kuanika juani hakusaidii: uso unakauka, moyo unabaki mbichi, ubao unapasuka.

Angalia pia mistari ya mbao. Inyooke toka kichwani hadi mkiani. Panapo fundo, kata utupe.

*Umefanikiwa kama:* ukiangalia ubao kwa jicho moja kutoka nchani, kama fundi anavyoangalia nondo, huoni tumbo wala mgongo.

3. Sanduku

Kata kuta mbili ndefu za 300 na mbili fupi zitakazoingia katikati yake, upana wa jumla upate 200. Paka gundi, funga kwa mpira wa tyubu, zungusha mara nyingi huku ukivuta. Huo mpira unabana kuliko misumari, na hauachi alama. Kabla hujaacha likauke, pima mshazari kona kwa kona, kisha kona nyingine. Vipimo visipolingana sanduku limeenda kombo. Lisukume kwa kiganja hadi vilingane.

Plaiwudi ya chini unaweza kuigundisha sasa. Ya juu iache. Toboa tu matundu mawili ya upana wa 25 kwenye kona za upande wa shingo, ili hewa itoke na sauti ifuate. Usitoboe karibu na kitakapokaa kidaraja, yaani kipande kinachobeba nyuzi juu ya sanduku. Pale panabeba mzigo.

Usitumie kopo la tina wala la petroli kama sanduku, hata kama umeliona zuri. Mvuke unaobaki ndani ukikutana na cheche za kukata unalipuka.

4. Shingo ipite sandukuni

Kwenye ubao wa shingo chora mistari mitatu. Wa kwanza uko 140 kutoka kichwani: hapo patakaa kizingiti, yaani mahali nyuzi zinapoanzia. Wa pili uko 370 kutoka kizingiti: hapo sanduku linaanza. Wa tatu uko 670 kutoka kizingiti: hapo sanduku linaishia. Kinachobaki nyuma ni mkia wa kufungia nyuzi. Uache 25, kingine kata.

Chonga nafasi kwenye kuta mbili fupi za sanduku ili shingo iingie na uso wake wa juu uwe sawasawa na ukingo wa kuta. Kisha, sehemu itakayokuwa ndani ya sanduku, punguza uso wa juu kwa milimita 4, lakini acha sentimita moja kila upande kwenye kuta. Sababu ni hii: plaiwudi ya juu ndiyo inayoimba. Ikigusana na shingo chini yake, ni sawa na kuimba umezibwa mdomo kwa kiganja.

Kichwa nacho kikonde. Kichonge upande wa juu hadi kibaki unene wa 15, funguo ziweze kupita na nyuzi zishuke kidogo baada ya kizingiti. Zisiposhuka zitacheza na kukoroma.

Gundisha shingo, gundisha plaiwudi ya juu, funga tyubu, lala. Usiguse kwa saa 24.

*Umefanikiwa kama:* ukigonga plaiwudi kwa kidole inaitika kama ngoma ndogo, haitoi kishindo kifupi cha meza.

5. Freti: hapa usiwe na haraka

Freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo. Magitaa yanayotoa sauti za kukera karibu yote yana ugonjwa hapa, na ugonjwa ni mmoja: fundi alipima freti ya kwanza, halafu akapima ya pili kutoka kwenye ya kwanza, ya tatu kutoka kwenye ya pili. Kosa dogo la kila hatua linaongezeka, na ukifika ya kumi na mbili umepotea kabisa.

Pima kila freti kutoka kwenye kizingiti. Rula isiondoke mahali pake hadi umalize kuweka alama zote. Ukitumia tepu, usianzie kwenye ndoano yake, maana inacheza. Anzia kwenye alama ya sentimita 10, kisha kumbuka kujumlisha 100 kwa kila kipimo.

Kwa uzi wa 600, vipimo kutoka kizingiti ni hivi:

freti ya 1: 33.7
freti ya 2: 65.5
freti ya 3: 95.5
freti ya 4: 123.8
freti ya 5: 150.5
freti ya 6: 175.7
freti ya 7: 199.5
freti ya 8: 222.0
freti ya 9: 243.2
freti ya 10: 263.3
freti ya 11: 282.2
freti ya 12: 300.0

Ya 12 iko katikati kabisa ya uzi. Isipokuwa 300 kamili, futa zote uanze upya. Anayetaka urefu mwingine wowote, agawanye urefu wa uzi kwa 17.817 apate nafasi ya freti ya kwanza; kilichobaki agawanye tena kwa namba ileile, aendelee hivyo, kisha ajumlishe ili vipimo vyote vihesabiwe toka kizingiti.

Fanya kazi hii kwenye ule ubao mgumu wa unene wa 6 kabla hujaugundisha, ukiwa umelala mezani. Chora mistari kwa skwea. Kata kila mstari kwa msumeno wa chuma, kina cha milimita 1. Halafu pitisha tupa ya pembetatu ndani ya mkato hadi spoku ikae nusu ndani, nusu nje. Spoku nyingi zina unene wa milimita 2, kwa hiyo milimita 1 itabaki juu, na ndiyo kimo cha freti.

Kata vipande vya spoku kwa msumeno, si kwa plaizi. Plaizi inarusha kipande kama risasi na kuacha ncha kali. Ukikata vaa miwani, hata ya jua, na watoto wakae mbali.

Weka tone la supagluu, kandamiza kipande kwa ubao bapa, hesabu hadi sitini. Nenda kwenye kinachofuata. Vikishakauka vyote, gundisha ubao huu juu ya shingo kwa gundi nyeupe, mwanzo wake kwenye mstari wa kizingiti, mwisho ukigusana na plaiwudi ya juu.

Sasa kusawazisha. Bandika msasa namba 240 kwenye kipande cha kioo. Paka wino wa maka pen juu ya kila freti. Suguza kioo toka mwanzo hadi mwisho, polepole, bila kukandamiza. Freti ambayo wino wake umefutika mapema iko juu kuliko wenzake. Endelea hadi wino uanze kufutika kwenye zote. Ukiacha moja juu, nyuzi zitakoroma palepale, na utakayempa atadhani hajui kupiga.

*Umefanikiwa kama:* wino umefutika kote, na rula ya chuma ikilala juu ya freti haitikisiki kama meza ya mguu mfupi.

6. Kizingiti, kidaraja na mkia

Kizingiti ni ile bolti ya milimita 6, iliyokatwa upana wa shingo. Kata mfereji kwenye mstari wa kizingiti, laza bolti, zidisha kina kidogo kidogo. Meno ya bolti ndiyo yatakayoshika nyuzi zisiteleze. Kipimo chake si cha rula: uzi ukishafungwa, ubonyeze kwenye freti ya 3 na uangalie juu ya freti ya 1. Panatakiwa nafasi ya karatasi moja ya daftari. Pakiwa pana, bolti iko juu, zidisha mfereji. Pasipo nafasi kabisa, weka kipande cha karatasi ngumu chini ya bolti.

Kidaraja ni bolti ya milimita 8, nayo inalazwa tu juu ya plaiwudi, 600 kutoka kizingiti. Usiigundishe. Mkandamizo wa nyuzi unatosha kuishika, na utahitaji kuisogeza baadaye. Wanaoigundisha ndio wanaonirudishia gitaa.

Mkiani toboa matundu matatu ya milimita 2, yapite toka chini hadi juu. Uzi unaingia kwa chini, kile kishikizo cha mwisho wake kinazuiwa na washa. Bila washa, ubao laini unakimeza taratibu na gitaa linashuka sauti kila asubuhi. Ukingoni mwa plaiwudi, nyuzi zinapopandia, laza kipande cha spoku kilichobaki, la sivyo nyuzi zitakata plaiwudi kama uzi unavyokata ugali.

7. Nyuzi na kutyuni

Uzi wa tano wa seti uwe upande wa juu ukilishika gitaa, wa nne katikati, wa tatu chini. Nafasi kati yake ni 12, wa pembeni ukae 7 kutoka ukingoni.

Tyuni, yaani kaza kila uzi hadi utoe sauti yake, hivi: G, D, G. Programu yoyote ya kutyuni kwenye simu itakuonyesha: uzi mnene hezi 98, wa kati hezi 147, mwembamba hezi 196. Gitaa la mtoto la uzi wa 500 tyuni A, E, A, maana uzi mfupi kwa G unalegea. Panda polepole, zunguka nyuzi zote tatu mara kadhaa, na uso wako usiwe juu ya uzi unaokazwa. Uzi ukikatika unatafuta jicho.

Nyuzi mpya zitashuka usiku kucha. Ni kawaida. Kesho yake tyuni tena ndipo uhukumu.

Sasa ukweli wa kidaraja. Gusa uzi kidogo bila kuubonyeza, juu kabisa ya freti ya 12, piga, ondoa kidole: utasikia sauti nyembamba kama kengele. Kisha bonyeza freti ileile upige. Sauti mbili ziwe moja. Iliyobonyezwa ikiwa juu zaidi, sogeza kidaraja nyuma, kuelekea mkiani. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Mara nyingi kitaishia milimita mbili tatu nyuma ya 600, na upande wa uzi mnene nyuma zaidi kidogo. Ukimaliza, chora mstari wa penseli kando yake, ili siku nyuzi zikibadilishwa kirudi kwao.

Angalia pia kimo. Kwenye freti ya 12, kati ya uzi na freti pawe na milimita 2 hadi 3. Pakiwa padogo, nyuzi zinakoroma: weka kipande cha kadi ya benki iliyokwisha muda chini ya kidaraja. Pakiwa pakubwa, geuza kidaraja uketishe bolti ya milimita 6 badala ya 8.

*Umefanikiwa kama:* mtu asiyejua chochote anabonyeza popote, na hakuna sauti inayomfanya akunje uso.

8. Ulainishe kwa mkono, siyo kwa macho

Msasa namba 80, halafu 120, halafu 240. Ncha za freti zilainishwe kwa tupa, kwa mshazari. Kisha chukua soksi kuukuu, ipitishe kandokando ya shingo pande zote mbili. Ikinasa popote, rudi na tupa. Ngozi ya mtoto ni laini kuliko soksi.

Vanishi paka shingo nyuma na kuta. Plaiwudi ya juu koti moja jepesi. Nimeona watu wakipaka makoti matano hadi gitaa linang'aa kama jeneza, na linasikika hivyo.

9. Kulikabidhi

Usiliweke mezani ukaondoka. Kaa naye nusu saa. Bandika vidoti vitatu vya rangi ya kucha pembeni mwa shingo: kwenye freti ya 5, ya 7 na ya 12. Mwonyeshe kulaza kidole kimoja kukatiza nyuzi zote. Nyuzi wazi ni G. Kidole kwenye 5 ni C. Kwenye 7 ni D. Hizo ndizo wapiga gitaa wanazoita kodi, na si ile ya mwenye nyumba. Kwa hizo tatu anasindikiza nyimbo nyingi za kanisani na za harusini siku hiyohiyo.

Ndani ya bahasha mwekee uzi wa akiba. Wa pili wa seti, uliobaki, unaweza kulegezwa ukashika nafasi ya mwembamba ukikatika. Andika G-D-G kwa maka pen nyuma ya kichwa, maana simu huibiwa na karatasi hupotea.

Halafu rudi baada ya mwezi, na tupa mfukoni. Shingo inakuwa imetulia, kizingiti kinataka kuchongwa kidogo, funguo zimelegea skrubu. Dakika kumi zinatosha.

Kwa mzee mlinzi nilirudi hivyo jioni moja. Wiki za mwanzo nilikuwa namsikia usiku toka kitandani. Alishaachana na G-D-G yangu, kazirudisha nyuzi alivyozoea kusikia zeze la kwao Ugogo. Sasa kwa siku kadhaa nilikuwa sisikii kitu, nikajua shingo imepinda.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kulitazama gitaa."

"Marahaba, mwanangu. Halipo. Lilipanda basi Jumatano, liko Mpwapwa. Mjukuu alilisikia kwenye simu, akalililia."

Akaweka tochi chini, akanyoosha mkono wa kushoto chini ya taa ya geti, vidole vimetanuka, kile kisichokunjika kimesimama peke yake.

"Una rula hapo? Pima."